Barua kwa Mke wa Jenerali

Miaka mitatu baada ya kuondoka Unguja nilikuwa nimemaliza masomo Cairo, sina kazi, nakaa Sidab, kijiji cha Waarabu cha pwani, kwa kaka yake bibi, niliyemwita babu. Katika vita vya kwanza alikuwa askari wa Wajerumani. Hapana mgeni aliyeondoka bila kusimuliwa khabari za luteni wa babu, aliyempandisha juu ya nyumbu wake mwenyewe, mguu wa babu ukiwa umepasuliwa na risasi, akaenda yeye kwa miguu mpaka wakavuka Ruvuma.

Siku moja shemeji yangu alirudi kutoka Bahrain na gazeti la Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na picha ya yule luteni, aliyekuja kuwa jenerali, na taarifa ya kifo chake. Macho ya babu yalikuwa yamefifia. "Soma wewe," akanambia, "kesho unipe khabari, tumwandikie mkewe."

Nilisoma mara nne. Alibaki jeshini, akapanda cheo baada ya cheo. Katika vita vya pili aliongoza jeshi katika nchi waliyoivamia Wajerumani, na daraja lilipolipuliwa akaamuru wanaume wa kijiji kizima wapigwe risasi. Alihukumiwa, akafungwa, akaachiwa kwa kuwa mgonjwa, akafa kitandani kwake. Nilifikiria hata kusingizia kwamba Kiingereza chenyewe kigumu.

Asubuhi jirani alikuwepo. Baada ya kahawa babu akaniuliza khabari. Ada ya hapa ni kujibu kwanza kwamba hamna ila kheri, hata kama umetoka kuzika. Mazito husemwa baadaye.

"Hamna ila kheri," nikasema. Ya baadaye sikuyasema.

"Si nilikwambia!" babu akamgeukia jirani. "Kafa na heshima yake."

"Basi mwandikie upesi, asije akadai umrejeshee nyumbu."

Wakacheka. Nikaandika aliyonitajia: mumeo alikuwa mtu mwadilifu, hakumdhulumu mtu. Babu alipochukua kalamu atie sahihi, niliizuia karatasi kwa kiganja.

"Babu, kuna mengine."

Nikamsomea yote, jirani akisikia, nikitafsiri kwa haraka na vibaya.

"Wanaume wa kijiji kizima?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na nilipokuuliza ukanambia kheri."

"Si ndiyo ada, babu?"

"Ada ya mgeni hiyo. Wewe unalala kwangu."

Jirani aliweka kikombe chini, akaaga.

Babu akataka niisome barua tena, polepole. Nilipofika kwenye "hakumdhulumu mtu", akasema, "Futa." Nikafuta. Kwenye "mwadilifu" alinyanyua mkono, akaushusha.

"Na hilo futa. Usitie kitu."

Ikabaki salamu ya rambirambi na mistari miwili ya Ruvuma. Akatia sahihi, herufi zikapandana. Mpaka adhana ya adhuhuri alikuwa bado kaishika barua, na hakunambia niipeleke posta wala nisiipeleke.