Pampu za Watu, Simu Yangu

Siku kaka yangu alipofariki, kabla hata hatujatoka hospitalini, mtu nisiyemjua alinipigia simu.

"Fundi, pampu inanguruma lakini maji hayatoki."

Nikamwambia amekosea namba. Akasema hapana, ameitoa mtandaoni.

Nikakata. Akapiga tena. Jamaa king'ang'anizi kama kupe!

Mpaka tunamaliza mazishi, walikuwa wameshapiga wengi. Mmoja aliongea lugha ambayo sijawahi kuisikia. Nikamjibu "ndiyo, ndiyo", akafurahi, akakata. Mpaka leo sijui nilikubali nini.

Kaka alikuwa akitengeneza tovuti ya maelekezo kwa kampuni inayouza pampu za maji. Tovuti isiyo na mbwembwe: kurasa zinaandikwa, zinapandishwa mtandaoni, zinakaa hivyo hivyo mpaka mtu azibadilishe. Lugha nne. Kila lugha ilitakiwa iwe na ukurasa wake wa mbele, wa kumkaribisha mtu na kumwonyesha pa kwenda.

Alimaliza mmoja tu, wa lugha yetu. Kisha akalazwa.

Kompyuta yake ilibaki kwetu, kwa hiyo mfasiri wa kampuni akaja na tafsiri zake mkononi. Dada mpole, miwani mikubwa kuliko uso. Tukakaa jikoni, kwenye meza ambayo Mama alikuwa akimenyea vitunguu.

"Kompyuta unaijua?" akaniuliza.

"Nauza vipuri vya baiskeli, dada. Shule niliishia sekondari."

"Inatosha. Kila lugha ina folda yake. Humo ndimo unakaa ukurasa wa mbele. Ukikosekana, mtu anaambiwa ukurasa haupo, anatutukana."

Tukafungua folda ya lugha ya pili. Ukurasa upo, lakini umeandikwa kwa lugha yetu. Ya tatu, vilevile. Ya nne, vilevile. Kaka alinakili ule mmoja kila mahali, ili mgeni apate cha kuona wakati tafsiri zinasubiriwa.

Na chini kabisa, kwenye zote nne: "Ukikwama, piga hapa."

Namba yangu.

"Mjinga huyu!" nikasema. "Alijaribisha na namba yangu, akasahau kuitoa."

"Usimtukane marehemu kwenye meza yangu," Mama akasema.

"Mama, amenigeuza fundi pampu!"

"Kwani wewe ulikuwa fundi wa nini?"

Mfasiri akacheka, akajifanya anakohoa.

Tukaanza kazi. Yeye ananisomea, mimi nabandika. Maneno ya kukaribisha ya lugha ya tatu nikayabandika kwenye folda ya nne.

"Umewakaribisha watu nyumbani kwa jirani," akasema.

Nikarekebisha. Ikabaki kufuta namba tu, simu zinyamaze, nami nirudi chumbani kwangu nilale. Ndicho nilichotaka.

Simu ikaita. Mama akaidaka kabla sijainyanyua.

"Mwenyewe aliyeandika hayo maelekezo hayupo, mwanangu. Amefariki... Asante. Asante sana... Sasa hebu izime, halafu uiwashe... Imekubali? Haya, Mungu akubariki."

Akaiweka mezani taratibu, kama yai.

"Ukifuta hiyo namba," akaniambia, "nani tena atamuulizia?"

Nilikuwa nimechoka. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Ngoja," mfasiri akasema. Alikuwa amevua miwani. "Kaka yako hakusahau. Mwanzoni ilikuwa namba yake. Aliibadilisha wodini, nimekaa pembeni ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mdogo wangu namjua. Nikiondoka atajifungia chumbani. Waache watu wamsumbue.'"

Kisu cha Mama kikatulia.

Nikatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Hakukuwa na wingu hata moja. Nikaiangalia hiyo mvua muda mrefu.

Niliporudi, macho yangu yalikuwa mekundu. Nikasingizia vitunguu, na hakuna aliyebisha.

Funzo langu ni hili: kabla hujafuta kitu cha marehemu, muulize aliyekuwa naye kilifikaje pale. Na ukikuta namba ya simu kwenye ukurasa wa mbele, usidhani mwenye namba anajua chochote.

Sasa kurasa za lugha tatu zina namba ya ofisi. Wa lugha yetu una yangu. Asubuhi napokea mimi, mchana anapokea Mama.