Wiki Shangazi Alipokwenda Kusoma Pwani

Juzi nilimpeleka kifungua mimba wangu kuanza chuo kikuu huko Pwani, na tangu nirudi Embu situlii. Naanza kufua, naiacha ndoo hapo hapo. Nakwenda shambani, nikifika nasahau nilichofuata. Wengine nawaambia ni uchovu wa safari, lakini wewe unanijua. Ni ule mji. Wiki ya kufungua chuo unahangaika wote: wasichana wanaburuta masanduku mchangani, magodoro yamefungwa juu ya tuktuk, na akina mama wa bara kama mimi wamesimama kivulini na masweta mikononi, hawajui wayapeleke wapi. Mwanangu aliniaga haraka haraka kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama. Nikabaki pale na harufu ya chumvi puani, nikamkumbuka shangazi.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa nyanya, na wa kwanza kwetu kuitwa chuo kikuu. Sisi watoto wa kaka yake tuliishi naye katika boma la nyanya, kule juu karibu na msitu, ambako majani chai huanzia pale kahawa inapokomea, na asubuhi ukipumua unaona mvuke. Habari zilipokuja kwamba chuo chake kiko kando ya bahari, kanisa zima lilipiga makofi. Nyanya hakupiga. Alifunga tu kitambaa chake cha kichwa upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Kabla sijazaliwa, mto ulio chini ya shamba letu ulimchukua mtoto wake wa kwanza, akivuka kutoka shuleni wakati wa mvua. Tangu siku hiyo nyanya hakukanyaga maji yale, na sisi tulikatazwa hata kuchota. Tulizunguka mbali hadi kwenye bomba la kanisa. "Mkienda mtoni, msirudi kwangu," alituambia, na tulijua hatanii. Jina la yule mtoto halikutajwa nyumbani.

Basi wiki ile ya mwisho hakuna aliyekaa chini. Nyanya alichemsha nduma nyingi kuliko mtu mmoja awezavyo kubeba, akachoma karanga, akaponda mukimo wa viazi na mahindi saa ambazo hakuna mwenye njaa. Shangazi alipanga nguo kwenye sanduku, akazitoa, akazipanga tena. Alitufokea kwa kumgusia viatu, kisha akatukumbatia bila sababu. Sisi tulikimbia kutoka jikoni hadi chumbani kwake na kurudi, tukiogopa kupitwa na jambo.

"Huko bahari iko mbali na mahali mtalala?" nyanya aliuliza, kama alivyouliza jana yake.

"Mama, naenda kusoma. Siendi kuvua samaki."

"Sijakuuliza unaenda kufanya nini."

Kisha ikajulikana kwamba nyanya alimwendea mwalimu wa zamani wa shangazi kwa siri, akamwomba amtafutie chuo kingine, hata cha ualimu hapa hapa mjini Embu. Shangazi aliingia jikoni. Moshi wa kuni ulikuwa umejaa, na nyanya alikuwa ameliinamia jiko.

"Mama, mimi siye yule aliyekufa!"

Mukimo uliungua chini ya sufuria, tukasikia harufu yake, na bado hakuna aliyeuepua. Nyanya alitoka nje akaenda kwa ng'ombe wake.

Kesho yake, baada ya kukamua, alichukua leso zake mbili za kujifunga kiunoni, akazifunga pamoja kwa fundo. "Njoo," alimwambia shangazi, akashika njia ya mtoni. Tulimfuata kwa mbali, naye hakutufukuza.

Kilikuwa kiangazi na maji yalikuwa yamepungua, ila chini ya mawe palikuwa na kidimbwi cha kufika kifuani. Nyanya alivua viatu vyake vya gambuti. Alisimama ukingoni mpaka nikadhani tutarudi. Kisha akaingia na gauni lake hivyo hivyo, magoti, kiuno, akiuma meno, maana maji yale yanatoka mlimani.

"Mama, toka, utaugua!"

"Ingia."

Shangazi akaingia. Nyanya akamfunga leso kiunoni na ncha nyingine akaizungusha mkononi mwake. Wala yeye hakujua kuogelea.

"Ingiza kichwa. Nataka kukuona ukirudi juu."

Shangazi alizama, akaibuka akikohoa. "Tena," nyanya akasema. Akazama tena, na tena, mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Ulifungua macho?"

"Nilifungua."

"Uliona nini?"

"Mawe. Na miguu yako."

Nyanya akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akamvuta shangazi kwa leso hadi kifuani pake. Hapo ndipo alipolitaja jina la mwanawe kwa sauti, akamwonyesha shangazi mahali alipovukia. Sisi ukingoni tulilia kwa kuwa wakubwa walikuwa wanalia. "Sasa nenda usome," alisema.

Shangazi akaenda. Alisoma, akapata kazi huko huko, akaolewa huko. Kaka yangu akafuata biashara ya miraa kule mjini Maua, dada yangu akachukuliwa na Nairobi. Nyanya tulimzika upande wa juu wa shamba. Mto wenyewe umenyonywa na mipira ya kumwagilia, na watoto wanavuka bila kuvua viatu.

Wakati ule nilidhani tunamsindikiza mtu mmoja tu. Krismasi ya kwanza shangazi alikosa nauli ya kuja. Iliyofuata alikuja, lakini kaka yangu alikuwa ameshaondoka. Kila mwaka tuliahidiana kwamba ujao tutatimia. Hatukutimia tena.