Damu ya Mzee

Mama huwaambia majirani zetu wa Dunda kwamba mwanawe anasomea rangi. Basi hunijia kuniuliza kopo lipi linafaa kwa ukuta unaoliwa na chumvi, na nimeshachoka kueleza. Rangi ninazosomea mimi ni za vipande vya barafu vilivyo mbali kupita sayari ya Neptuni, ambavyo hata kwenye darubini kubwa huonekana nukta tu. Darubini zenyewe ziko nchi za watu. Mimi naletewa picha kwa mtandao, napima mwanga wa nukta kupitia kichujio kimoja, kisha kingine, nalinganisha. Vingine ni vya kijivu, vingine vyekundu, na wekundu wenyewe haulingani. Sithubutu kusema hiki ni chekundu bila kuandika pembeni huenda nimekosea kwa kiasi gani.

Kabla ya Ramadhani Mama aliniomba niupake mlango wa mbele rangi yake ya zamani, ile aliyoikuta siku alipoletwa bibi harusi. Damu ya mzee, alisema, nyekundu iliyoiva ikakaribia weusi. Nilidhani ni mambo ya sikukuu, nikamwambia nikimaliza vipimo. Vipimo haviishi, nami nilijua hivyo wakati namwahidi. Idi ikapita. Alinikumbusha mara moja tu, kwa upole, nikamjibu kwa ukali kwamba mlango hauna miguu, hauendi popote.

Kumbe macho yake ndiyo yaliyokuwa yanakwenda. Niligundua siku alipomimina chai nje ya kikombe, akasingizia birika. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilipomuuliza Mama kwa nini hakuniambia, alisema aliniona nina kazi.

Kesho yake nikaenda dukani. Mwenye duka akasema damu ya mzee imemwishia, ana nyekundu ya kawaida na chokoleti, labda nisubiri mzigo wa Dar. Sikuweza kusubiri tena. Nikachanganya zile mbili uani, nikapaka. Ilipokauka ikawa rangi ya tofali.

Mama akaja akipapasa ukuta, akaweka kiganja juu ya ubao.

"Ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo ile, Mama. Damu ya mzee kabisa."

Safari hii sikutaja kukosea.

Sasa kila mgeni akipiga hodi, Mama humtaka autazame mlango vizuri, maana mtoto aliyesomea rangi hawezi kukosea. Mgeni huutazama mlango, hunitazama mimi, kisha humwambia Mama kwamba mlango umependeza. Naona haya hata kuwasindikiza.

Juzi mwenye duka aliniletea kopo la damu ya mzee lililotoka Dar. Nimelificha chini ya kitanda. Naweza kuupaka ule mlango upya asubuhi moja tu, lakini Mama atasikia harufu ya rangi mbichi, na ataniuliza napaka nini tena.