Inzi wa Ukuta wa Bafu Yetu

Munisamehe mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja na zingine nimezikosea. Niliishia shule ya msingi, na naandika polepole. Lakini jambo hili limenichosha kulibeba peke yangu.

Wakati wa vita, nyumba yetu ya Kasenga ilipokea familia moja iliyokimbia kutoka milimani. Zamani ukuta wa bafu yetu, kibanda cha matofali kisicho na paa, ulikauka kabla ya saa sita. Sasa watu walioga kutwa, ukuta ukaota utelezi, na juu ya utelezi wakaja inzi wadogo wenye manyoya, mabawa yamekaa kama paa la nyumba. Ukimgusa mmoja, anabaki vumbi kwenye kidole.

Mtafiti wa wadudu aliyepanga kwa jirani aliwaona siku alipokuja kuomba maji. Tangu hapo nikawa namkamatia, nikiwafunika kwa vichupa vya dawa ya sindano vyenye alkoholi. Umeme haukuwepo, kwa hiyo aliwatazama kwa mikroskopi dirishani. Siku moja akaniita.

"Mudogo wangu, huyu haiko mu kitabu hata kimoja. Angalia mishipa ya bawa. Ni aina mupya."

"Basi umupe jina."

"Siwezi. Wote uliniletea ni majike. Hawa tunatofautisha aina zao kwa viungo vya nyuma vya dume. Bila dume hakuna jina. Na miye nasafiri hivi karibuni, kabla barabara ifungwe."

Majike! Kazi yote ile, kumbe majike matupu! Nikawa nachuchumaa bafuni kila asubuhi, watu wakigonga bati la mlango.

"Weye, unaoga ama unazaa humo?" aliuliza binti mkubwa wa wageni.

"Niko natafuta dume."

"Dume mu bafu? Dada, toka, tukupeleke Kalundu, kule bandarini wanaume wamejaa!"

Kicheko kilifika barabarani. Mimi ni mtu wa haya. Sikutoka mpaka wote walipoondoka.

Kisha milimani kukatulia kidogo, na wageni wakaanza kufunga mizigo. Nikajikaza, nikamwendea koko, bibi mzee wa familia ile.

"Koko, ule ukuta wa bafu... iko na inzi pale."

Nilitaka kuongeza kwamba wasiusugue wakiondoka, lakini haya ilinishinda. Koko akainamisha macho. "Tumesikia, mutoto wangu."

Nikafikiri ameelewa. Ameelewa nini! Kwetu, mwenye nyumba hamtajii mgeni habari za inzi. Ukimtajia, umemwambia amekuchafulia nyumba, aondoke. Niliporudi kutoka kuchota maji ziwani, nilimkuta koko na binti zake wanasugua ukuta kwa majivu na maji ya moto. Matofali yaling'aa kama mapya.

"Sasa mama yako hatasema tulimuachia uchafu," koko alisema, bila kunitazama.

Nilijaribu kueleza habari ya dume na jina. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyozidi kusugua. Mama alinigombeza kwa kutukana wageni, akawapa jogoo wetu ili kufuta aibu. Hakuna aliyeniuliza nilitaka nini.

Waliondoka, ukuta ukakauka, na inzi hawakurudi. Mtafiti naye akasafiri na vichupa vya majike. Kila mtu anayetoka alikohamia ananiletea swali lake lilelile: dume yuko wapi? Kana kwamba nimemficha! Nimepita bafu za watu mpaka Rugenge, nikafukuzwa kama mwizi. Na siwezi kumwomba Mungu awarudishe wale watu katika shida ili ukuta wangu ulowe.

Kwa hiyo ninyi munaosoma, kama kwenu wanaoga watu wengi na ukuta haukauki, angalieni mahali penye utelezi. Mukiona wadogo wenye manyoya, kamateni wengi, maana dume hajulikani kwa macho, na muwaweke ndani ya alkoholi. Kisha muniandikie, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu: muliwakuta wapi, na kama bado wapo.