Jina la Admirali

Nilipoanza kazi ya kutunza wazee huku Birmingham, kila asubuhi nilikwenda Harborne kwa mama mmoja aliyepita miaka tisini. Marehemu baba yake alikuwa admirali. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa luteni kijana, na katika vya Pili akaongoza manowari zilizolinda meli za mizigo dhidi ya nyambizi za adui. Nishani zake zilikaa kabatini sebuleni. Mama hakutaka nizipanguse.

Siku moja alikuja mjukuu wake. Mkewe alikuwa anatarajia mtoto wa kiume, na kijana alitaka baraka za nyanya yake ili ampe mtoto jina la admirali. Nilifurahi. Nikamweleza kwamba kwetu Kenya, mtoto akipewa jina la babu, tunasema babu amerudi.

"Umesikia?" mama akamwambia mjukuu. "Amerudi! Hicho ndicho ninachokikataa."

"Nyanya, alikuwa shujaa."

"Shujaa wako wewe, uliyemwona kwenye picha."

Kisha akatusimulia. Katika vita vya kwanza meli ya baba yake ilizama, naye akaokolewa na nahodha aliyesimamisha chombo chake kinyume cha amri. Katika vita vya pili, mojawapo ya meli alizokuwa akizilinda ilipigwa. Mabaharia walikuwa majini, wakipiga kelele. Akaamuru meli zote ziendelee na safari.

"Lakini angesimama, nyambizi ingewamaliza wote," kijana akasema.

"Najua, mpenzi. Naye alijua. Ila nyumbani sisi watoto tulioga kimya. Mmoja wetu akipiga kelele bafuni, baba alitoka nje, akaenda bustanini kutapika." Akamtazama. "Mwanao atalia mkimwogesha. Mtambembeleza kwa jina hilo?"

Kijana alichukua koti lake. Aliaga bila kuahidi chochote.

Mama alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Majuma machache baada ya mazishi kijana alinipigia simu. Mtoto alikuwa amezaliwa, nao walikuwa wamempa jina lile lile.

"Baba yangu alilitaka sana," akasema taratibu, kama anayengoja kukaripiwa.

Nikampa hongera, kwa kuwa mtoto hana kosa. Nikamuuliza kama hulia akiogeshwa.

"Wee! Mpaka jirani anagonga ukuta."

"Basi kaa naye hapo hapo," nikamwambia. "Usitoke nje."