Nilivyouza Mbuzi kwenye Mchezo wa Mzee Wendell

Aibu yangu imeshafika Kulamawe, kwa hivyo afadhali niieleze mwenyewe kabla Kinoti hajaitia chumvi zaidi, maana yeye ndiye aliyeniponza, yeye na Mwalimu Naitore, na wote nawataja bila kuogopa.

Mzee Wendell alikuwa jirani yangu, Mmarekani aliyezeekea hapa Isiolo na suruali zake za viraka, sisi tukadhani ni mhubiri aliyekosa kanisa. Alipokufa ndipo binti yake Ruth akaja, akatuambia baba yake alikuwa mwandishi wa filamu na michezo ya kuigiza, filamu alizoandika wakasifiwa wengine, na mchezo alioupenda kuliko yote hakuna aliyeukubali. Ruth alitaka auone ukichezwa mara moja tu kabla hajarudi kwao.

Mwalimu Naitore akautafsiri, akanichagua niwe mzee anayekataa kuuza mbuzi wake wa mwisho (ati nina uso wa dhiki!). Mchezo wote ni huko kukataa. Kazi yangu ilikuwa kusema "Siuzi", jambo ambalo hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu ninaliweza.

Lakini mimi ni dalali wa mifugo, na Mwalimu, kwa akili zake, akamfanya Kinoti mnunuzi, Kinoti ambaye tumeuziana sokoni tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Basi ukumbi wa kanisa umejaa, Ruth yuko mbele, mbuzi tuliyoazima kwa pasta iko kando yangu, Kinoti anakuja na badala ya kusema maneno yake ananifunika mkono kwa shuka, ananishika vidole, vile tunavyopatana bei sokoni watu wasione.

"Siuzi," nikasema. Akaminya. "Siuzi!" Lakini vidole vyangu vilikuwa vinamjibu (vidole vinajua mchezo gani, bana?), akaongeza, na jamani, bei ilikuwa tamu.

"Haya, chukua!"

Watu wakashangilia, Kinoti huyoo mlangoni na mbuzi.

"Ekai, mchezo bado!" Mwalimu akaninong'oneza.

"Umeisha, Mwalimu. Nimeuza."

"Umeuza mbuzi ya nani?" pasta akauliza kwa sauti.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Nikaona mabega ya Ruth yakitetemeka, nikajua nimemuua baba yake mara ya pili, nikashuka kumwomba msamaha. Kumbe anacheka mpaka machozi.

"Anasema baba yake alizunguka na huu mchezo maisha yake yote bila kupata mnunuzi," Mwalimu akanitafsiria. "Leo amempata."

Tuliuanza upya, Kinoti amefungwa mikono nyuma kwa amri ya pasta, nikakataa mpaka mwisho, na Ruth akasimama peke yake akapiga makofi. Lakini mimi na maigizo basi. Mkinitaka tena, nipeni nafasi ya maiti, na mikono yangu iwe ndani ya sanduku.