Komunyo Bila Nyusi

Sisi wasichana wa shule ya msingi pale Karatu tulikuwa na vichwa vinavyofanana. Shule haikutaka nywele, kwa hiyo mwisho wa juma mama alinibana katikati ya magoti yake na kunipitishia mkasi, huku akili yake yote ikiwa sokoni kwenye mitumba yake. Jumatatu nilikwenda shule na kichwa chenye mabaka, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Nililalamika mpaka mama akachoka kunisikia. Nilikuwa mtoto wa kujipenda kupita kiasi, na sijapona.

Mwaka wa Komunyo ya kwanza nikaamua kufuga. Sherehe iliangukia mwisho wa likizo ndefu, na likizo nzima sikuruhusu mkasi unisogelee. Katekista alikuwa amenichagua kusoma ombi moja mbele ya waumini wote, nami nilitaka kusimama pale na mabutu yangu yamefungwa utepe mweupe, watu waseme, huyu mtoto wa nani mzuri hivi? Mungu nilimfikiria kidogo. Utepe niliufikiria kutwa.

Siku ya kuamkia sherehe, bibi mzaa baba alishuka kutoka Ngorongoro na shanga zake shingoni. Mama ni Mchaga wa Rombo, na Kimaasai chake kiliishia kwenye salamu. Akiwa mlangoni anakimbilia sokoni, alimwambia, "Mama, naomba umtayarishe huyu kwa ajili ya sherehe."

Alimaanisha niogeshwe, nipakwe mafuta, nichanwe. Lakini kwa bibi, mtoto anayevushwa kwenda hatua nyingine ya maisha hutayarishwa kwa namna moja tu. Akachanganya maziwa na maji kwenye bakuli, akanilowesha kichwa taratibu. Mimi, mjinga mkubwa, nilidhani ni dawa ya kulainisha nywele, nikafumba macho nisikilizie raha, usingizi ukanipitia. Nilipofumbua, nywele zangu zote zilikuwa mapajani, na bibi anamalizia nyusi za upande wa pili kwa wembe.

Nililia kwa hasira, si kwa uchungu. Bibi alifurahi, akidhani naogopa ukubwa wa siku yenyewe.

Mama aliporudi, alisimama mlangoni akakitazama kichwa changu. Mkwe hagombezwi. "Asante, Mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Baba, ambaye ni dereva wa watalii, aliingia baadaye, akauliza nyusi zimekwenda wapi.

Asubuhi mama akanichora nyusi kwa wanja. Sijui kwa hasira au kwa kicheko, upande mmoja ukapanda juu kuliko mwenzake. Baba akasema naonekana kama mtalii anayemwona simba kwa mara ya kwanza. Nikagoma kutoka nje. Nikasema ombi asome mwingine. Mama akanivuta mkono, akasema nyusi hazisomi, kinachosoma ni mdomo.

Kanisani kulikuwa na joto. Nilihisi wanja ukitembea kuelekea mashavuni. Akina mama walinitazama, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa kwa huruma, nami nikashindwa kuelewa kwa nini hakuna anayecheka. Zamu yangu ilipofika, nilipanda pale mbele, nikasoma kama nilivyofundishwa:

"Tuwaombee wagonjwa wote, hasa walio katikati yetu, ili Bwana awaponye."

Kanisa zima likanitazama mimi. Kisha likaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa nguvu ambayo ombi la mvua lililotangulia halikuipata hata nusu. Mzee mmoja kwenye kiti cha mbele alifuta machozi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajaribu kujizuia, nikashindwa, nikacheka pale pale mbele ya altare, na watu wakazidi kusikitika.

Baada ya Misa wakatuzunguka. Mama mmoja anayekaa jirani na kanisa alikimbia kwake akarudi na mayai. Mwingine akaleta jogoo, akamshika mama yangu mkono, akamwambia, "Atapona, mama, usikate tamaa." Mama alifungua kinywa aeleze, lakini bibi alishapokea jogoo. Akanitemea mate ya baraka kichwani, akawatemea na wale akina mama viganjani, kisha akamgeukia mama na Kiswahili chake cha taratibu.

"Umeona? Mtoto akinyolewa vizuri, watu wote wanakuja kumbariki."

Mama alicheka mpaka akakaa chini na kitenge chake kipya. Mpiga picha akaita familia. Mama akainuka, akatoa wanja kwenye mkoba ili anirekebishe kwanza. Nikamwambia aache. Nilivuta ncha ya shuka ya bibi, nikafuta nyusi zote mbili, nikasimama katikati yao.